Walivyolifufua Dansi la Savoy

Mwaka 1958 ukumbi wa Savoy, uliokuwa Lenox Avenue katika mtaa wa Harlem, New York, ulifungwa moja kwa moja. Mwaka uliofuata jengo lilibomolewa ili kupisha nyumba za kupangisha. Kwa miaka 32 watu walikuwa wameserebuka pale usiku baada ya usiku, hata mbao za sakafu zikawa zinabadilishwa kila baada ya miaka michache kwa kulika na soli za viatu. Mabingwa wa sakafu ile wakatawanyika, kila mmoja akitafuta riziki yake. Frankie Manning, aliyekuwa kinara wao, alikuwa tayari ameajiriwa posta.

Leo dansi lao, Lindy Hop, linachezwa Stockholm, London, Seoul na miji mingine mingi na watu ambao hata wazazi wao walikuwa hawajazaliwa wakati muziki wa swingi ulipotawala redio za Marekani. Wanavaa suruali pana za kiuno cha juu, sketi zinazofunguka mtu akizunguka, viatu vya soli ya ngozi. Ukiwatazama kwa mbali utadhani ni watu waliopenda nguo za zamani tu. Lakini hatua wanazopiga hawakuziokota dukani. Kila moja ina mtu aliyeitoa na mtu aliyeipokea, na wengi wa watu hao majina yao yanajulikana.

Savoy ulifunguliwa tarehe 12 Machi 1926. Mwenye mtaji alikuwa Moe Gale, na meneja alikuwa Charles Buchanan, mtu mweusi aliyeuendesha ukumbi huo kwa nidhamu kali. Ulikuwa ghorofani, ukichukua upana wote kati ya barabara ya 140 na ya 141. Kulikuwa na majukwaa mawili kwa bendi mbili. Moja ikishusha vyombo nyingine imeshapokea, muziki haukatiki. Na jambo lililoutofautisha na kumbi nyingine za enzi hizo ni kwamba weusi na weupe waliingia kwa mlango mmoja na kucheza kwenye sakafu moja. Wakati huohuo, katika Harlem hiyohiyo, klabu mashuhuri ya Cotton Club iliwaajiri weusi kupiga muziki na kucheza jukwaani, lakini haikuwaruhusu kuketi mezani kama wateja.

Bendi ya nyumbani ilikuwa ya Chick Webb, mpiga dramu mfupi mwenye kibyongo, ambaye wapiga dramu wenzake walimwogopa. Wapenzi wa Msondo na Sikinde wanaujua uhondo wa bendi mbili kupambana ukumbi mmoja. Basi tarehe 11 Mei 1937 Benny Goodman, aliyekuwa akiitwa mfalme wa swingi, alikwenda kupambana na Webb hapo Savoy. Maelfu walibaki nje kwa kukosa nafasi. Waliokuwa ndani walitoa hukumu yao kwa shangwe, na Webb ndiye aliyeshinda.

Wachezaji nao walikuwa na mapambano yao. Lindy Hop lilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kutokana na Charleston na madansi mengine ya watu weusi, na jina lake huhusishwa na safari ya ndege ya Charles Lindbergh ya mwaka 1927. Kiini chake ni hatua inayoitwa swing-out. Wawili wanaanza wakiwa wameshikana kwa karibu, wanazunguka pamoja, kisha mwanamume anamwachia mwenzake aende zake mpaka mikono inyooke, kila mmoja akivutia kidogo upande wake ili wasipoteane. Yote hayo ndani ya mapigo manane. Pale mikono inaponyooka ndipo kila mchezaji anapopata nafasi ya kuweka manjonjo yake: kupiga teke, kutikisa nyonga, kusimama ghafla. Madansi ya Ulaya yalimtaka mwanamke afuate tu anakopelekwa. Hili lilimpa uwanja wake.

Norma Miller, aliyezaliwa mwaka 1919, alikulia kwenye nyumba iliyokuwa nyuma ya Savoy. Jioni alikaa kwenye ngazi za chuma za dharura akitazama vivuli vya wachezaji kupitia madirisha ya ukumbi, na kuiga alichokiona. Siku ya Pasaka ya mwaka 1932, akiwa na miaka 12, alikuwa akicheza barabarani mbele ya ukumbi pale mchezaji mmoja maarufu, Twistmouth George, alipomshika mkono na kumwingiza ndani wacheze pamoja. Miaka mitatu baadaye alikuwa akizunguka Ulaya kama mchezaji wa kulipwa, mdogo kabisa kundini.

Kundi hilo lilikuwa la Herbert White, ambaye watu walimwita Whitey, mtu aliyekuwa na mamlaka juu ya pembe ya ukumbi iliyotengwa kwa wachezaji bora. Kijana wake hodari zaidi alikuwa Frankie Manning, mzaliwa wa Jacksonville, Florida, mwaka 1914, aliyeletwa Harlem akiwa mtoto mdogo. Mwaka 1935 liliandaliwa shindano kati ya vijana wa Whitey na wakongwe wakiongozwa na Shorty George Snowden. Snowden alikuwa mfupi sana, na mwenzake, Big Bea, alimzidi kimo kwa mbali. Walikuwa na mbwembwe yao ya kumalizia: Big Bea anageuka, anambeba Shorty mgongoni na kuondoka naye, huku miguu ya Shorty ikipigapiga hewani na ukumbi mzima ukishangilia.

Frankie alilitazama lile akawaza: itakuwaje mwanamke ndiye abebwe mgongoni, halafu asiishie pale, apinduke mzima na kutua upande wa pili? Alimweleza mwenzake, Frieda Washington. Kwa maelezo ya Manning mwenyewe, walitandika godoro chini na kujaribu, wakaanguka, wakajaribu tena. Kupinduka peke yake hakukumtosha. Alitaka Frieda atue juu ya pigo lenyewe, ili liwe dansi, si sarakasi. Usiku wa shindano, mbele ya bendi ya Chick Webb, walisimama mgongo kwa mgongo na kufungana mikono viwikoni. Frankie akainama, Frieda akapita juu yake miguu ikitangulia, na alipogusa sakafu bendi ilikuwa naye sawia. Mruko wa kwanza wa Lindy Hop ukawa umepatikana. Kila anayemrusha mwenzake leo kwenye mashindano anadaiwa na godoro lile.

Sinema ziliwakuta wakiwa kwenye kilele. Mwaka 1937 vijana wa Whitey walionekana katika *A Day at the Races*, na mwaka 1941 katika *Hellzapoppin'*, ambamo jozi nne, wakiwemo Frankie, Norma, Al Minns na Willa Mae Ricker, zinacheza wakiwa wamevaa kama wapishi, watumishi na mafundi. Ni dakika chache tu, na kasi yake bado inatisha. Ni fedheha kwa Hollywood kwamba watu wenye uwezo ule walipewa nafasi ya watumishi peke yake. Lakini kipande hicho cha filamu kilikuja kuokoa mengi.

Baadaye mambo yaliporomoka haraka. Vita viliwachukua vijana jeshini, Frankie mmoja wao. Mwaka 1943 Savoy wenyewe ulifungwa kwa amri ya mamlaka kwa miezi kadhaa. Mwaka 1944 serikali ya Marekani iliweka kodi nzito kwenye kumbi zilizoruhusu kucheza, na wenye kumbi wengi wakaona nafuu kuweka bendi ndogo na kuondoa sakafu ya dansi. Wanamuziki vijana wakageukia jazi ya kusikiliza, kisha ikaja rock and roll. Frankie alirudi kutoka Pasifiki, akaunda kikundi chake cha Congaroo, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 kazi zikakauka. Alikuwa na familia ya kulisha. Akaenda posta.

Hapa simulizi nyingi huruka hadi miaka ya 1980, kana kwamba dansi lilizikwa na kusubiri wageni wa kulifukua. Mimi naona huko ni kumdhulumu Mama Lu Parks. Louise Parks alikuwa mhudumu wa Savoy, na ukumbi ulipofungwa alibaki na jukumu la kuandaa wachezaji wa Lindy Hop kwa shindano la kila mwaka la Harvest Moon Ball. Alilibeba jukumu hilo kwa uaminifu. Alikusanya vijana wa Harlem, akawafundisha, akawapeleka kwenye maonyesho ndani na nje ya nchi katika miaka ambayo vijana wenzao walikuwa wakicheza soul na disco. Yeye na watu wake walicheza kwa kasi, kwa miruko ya kutisha, wakichanganya na ya zama zao kama watu wanaoishi na dansi wanavyofanya. Alifariki mwaka 1990. Waingereza walioanzisha kikundi cha Jiving Lindy Hoppers huko London katika miaka ya 1980 walipata mengi kutoka kwa watu wake.

Nao Waswidi walikuwa na njia yao. Stockholm kulikuwa na vijana waliopenda muziki wa zamani na waliokuwa wakikodolea macho vipande vya sinema, wakirudisha nyuma na kutazama tena, wakijaribu kujua mguu gani unatangulia. Filamu ilikuwa na mipaka yake. Iliwaonyesha mguu ulipofika, isiwaambie uzito wa mwili uko wapi, au mkono wa mwanamume unamwambia nini mwanamke kabla hajageuka. Mwaka 1984 watatu kati yao, Anders Lind, Lennart Westerlund na Henning Sörensen, walisafiri hadi New York kutafuta wachezaji wenyewe. Walimkuta Al Minns, yuleyule wa *Hellzapoppin'*, na wakamwalika Stockholm kufundisha. Alikwenda mwaka huohuo. Mwaka uliofuata alifariki. Wangechelewa safari kwa mwaka mmoja tu, wasingemkuta! Mwaka huo wa 1985 wanafunzi wake walianzisha kikundi cha Rhythm Hot Shots, wakawa wanazipandisha jukwaani ngoma za sinema za kale hatua kwa hatua.

New York penyewe mwaka 1985 kilianzishwa chama cha wapenda dansi la swingi, na Harlem katika klabu ya Small's Paradise bendi kubwa ilikuwa ikipiga Jumatatu usiku. Wakongwe wachache walianza kujitokeza. Mwaka 1986 Erin Stevens, mchezaji kutoka California, alifika na mwenzake wakitafuta wa kuwafundisha, na alipopata namba ya simu ya Frankie Manning aliuliza kama ndiye yule mchezaji. Aliyepokea alijibu kwamba yeye ni Frankie Manning wa posta. Alikuwa mtu wa miaka sabini na ushee, ametumikia posta takriban miaka 30, na hakuona kwa nini mtu aje kutoka upande wa pili wa nchi kwa ajili ya hatua za ujana wake. Alisitasita, mwishowe akakubali.

Kufundisha kulimpa shida mwanzoni. Pale Savoy hakuna aliyehesabu hatua. Mtu alisikiliza, akatazama, akaingia. Wanafunzi wapya walitaka namba, moja hadi nane. Mzee Manning aliwaimbia mdundo kwa silabi za mdomoni, mwili wake ukiwa umeinama mbele kama mkimbiaji anayetaka kuchomoka. Mkao huo ndio uliokuwa siri. Wengi waliojifunza kutoka vitabuni walisimama wima kama wacheza waltz, na yeye aliwashusha chini, magoti yalegee, nyonga zirudi nyuma. Aliwafundisha pia adabu ya sakafu: mwanamume amwinamie mwenzake kabla ya kuanza, na muda wote wa wimbo amtunze kama malkia.

Mwaka 1987 alifika Uswidi, na miaka miwili baadaye akaanza kufundisha kwenye kambi ya Herräng. Herräng ni kijiji kidogo cha pwani kaskazini mwa Stockholm, kilichowahi kuwa na migodi ya chuma, chenye wakazi mia chache. Kambi ilianza mwaka 1982 kwa watu wachache. Ilikua mpaka kila kiangazi wachezaji kutoka kila bara wanakijaza kijiji kwa wiki kadhaa, wanalala shuleni na kwenye mahema, na muziki haunyamazi mpaka alfajiri. Frankie na Norma walirudi huko mwaka baada ya mwaka. Bi Norma alikuwa na ulimi mkali. Hakumvumilia mwanafunzi mvivu, na alikumbusha bila kuchoka kwamba dansi hili ni la watu weusi wa Harlem.

Marekani nayo ikamtambua mzee Manning. Mwaka 1989 onyesho la *Black and Blue* la Broadway lilimpatia tuzo ya Tony kwa kupanga dansi, pamoja na Cholly Atkins, Henry LeTang na Fayard Nicholas. Spike Lee alimtumia kuandaa mandhari ya ukumbi wa dansi katika filamu ya *Malcolm X* ya mwaka 1992. Mwaka 2000 alipewa nishani ya taifa ya wasanii wa urithi, na Norma akaipata mwaka 2003. Siku zake za kuzaliwa zilikuwa na desturi: alicheza na wanawake wengi kadiri ya umri wake, mmoja baada ya mwingine, katika wimbo mmoja mrefu. Alipofikisha miaka 85, wanawake 85 walipanga foleni.

Wakati huohuo mavazi na mbwembwe viliingia sokoni. Royal Crown Revue walipiga ndani ya filamu ya *The Mask* mwaka 1994, Big Bad Voodoo Daddy ndani ya *Swingers* mwaka 1996, na mwaka 1998 tangazo la suruali za Gap likaonyesha vijana wakirushana kwa wimbo wa Louis Prima. Mwaka mmoja au miwili ilionekana kila mji wa Marekani una klabu ya swingi, kofia za fedora na koti refu la mtindo wa zuti. Bendi hizo zilikuwa na nguvu na furaha, sitawanyima haki yao. Ila nyingi zilichanganya swingi na rock, dramu zikagonga kwa uzito ambao mguu wa Lindy Hop hauutaki. Muziki wa Chick Webb na Count Basie unaviringika. Ule ulikuwa unakanyaga. Mitindo ilipogeuka, karibu na mwaka 2000, klabu zilifungwa na kofia zikarudi kabatini.

Waliobaki ni wale waliokuwa wamemezwa na dansi lenyewe, na wao wakaanza kudai muziki unaostahili. Hapo ndipo watu kama Vince Giordano walipohitajika. Giordano, mpiga besi, tuba na saksafoni ya besi wa Brooklyn, aliunda bendi yake ya Nighthawks katika miaka ya 1970, enzi ambayo hakuna aliyekuwa akiuulizia muziki huo. Alikusanya karatasi za muziki ambazo maktaba, vituo vya redio na familia za wanamuziki waliofariki walikuwa wakizitupa, mpaka nyumba yake ikajaa makabati ya faili yenye mipangilio zaidi ya 60,000. Ukitaka kujua tromboni ya pili ilipiga noti gani katika wimbo fulani wa mwaka 1928, huenda karatasi yenyewe iko kwake. Muziki wake kwa tamthilia ya *Boardwalk Empire* ulipata Grammy mwaka 2012. Huko Lincoln Center nako, tangu miaka ya 1990, mpango wa Essentially Ellington umekuwa ukizipelekea shule za sekondari karatasi za muziki wa Duke Ellington bila malipo, na watoto wa miaka 15 wanazipiga.

Frankie Manning alifariki tarehe 27 Aprili 2009, mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 95. Tamasha la kuadhimisha siku yake ya kuzaliwa lilikuwa limeshaandaliwa New York, na wachezaji kutoka nchi nyingi walikuwa wameshakata tiketi. Walikwenda. Walicheza siku zote zilizopangwa. Norma Miller aliishi hadi Mei 2019, akafariki akiwa na miaka 99.

Wazee wakaondoka, na swali ambalo Norma alikuwa akililazimisha likabaki mezani: kwa nini kumbi za Lindy Hop zimejaa watu weupe, na wajukuu wa Harlem ni wachache? Sababu zipo wazi. Kambi na semina zina gharama, zilijengwa kwa mitandao ya marafiki wa Ulaya na California, na mara nyingi zilimpamba Frankie kwa tabasamu lake bila kuisimulia Harlem iliyomlea, ubaguzi wake na umaskini wake. Baada ya mauaji ya George Floyd mwaka 2020 wachezaji weusi walilisema hadharani kwa nguvu zaidi, na Wakfu wa Frankie Manning una mfuko maalumu wa kuwasaidia wachezaji weusi kujifunza, kusafiri na kufundisha.

Anayenipa matumaini zaidi ni LaTasha Barnes, mzaliwa wa Richmond, Virginia, aliyewahi kuwa mwanajeshi. Yeye alikuwa tayari bingwa wa dansi la house kabla ya kujulikana kwenye Lindy Hop, na alipoingia huko aliitambua familia yake: kiuno kilekile, kisigino kilekile, majibizano yaleyale kati ya mchezaji na mpigaji. Onyesho lake la *The Jazz Continuum* la mwaka 2021 liliwaweka jukwaani wachezaji wa Lindy Hop, house na hip hop, wakiwa na bendi na DJ, wakipokezana mpaka mtazamaji anashindwa kusema hatua ipi ni ya mwaka 1938 na ipi ni ya juzi. Mwaka huohuo alipata tuzo ya Bessie kama mchezaji bora, na sasa anafundisha katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona.